Rangi ya Marehemu Chini ya Turubai

Mvua ya Bagira haiombi ruhusa. Asubuhi ya maziko ilianza kunyesha wakati jeneza likitolewa chumbani, na vijana wa mtaa wakafunga haraka turubai la bluu kutoka paa la nyumba hadi kwenye miti ya uani. Waombolezaji wakajibana chini yake, jeneza katikati, kifuniko wazi, na patron wangu, mwenye studio, akapiga picha zote za video pale pale: ndugu wakiaga, kina mama wa kanisa wakiimba, mjane ameshikwa mikono na majirani. Mimi sikuwepo. Kazi yangu ni montage. Nakaa studio, huku Nyawera, katikati ya mji wa Bukavu, kwenye chumba chenye dirisha moja, nakata na kuunganisha kile ambacho wengine wamekipiga. Lakini turubai lile nalijua kuliko waliosimama chini yake, kwa sababu karibu limtoe mtu nyumbani kwake mbele ya macho yangu.

Patron wangu ni mtu mwema, na ana tabia moja ambayo nimeipigia kelele mpaka koo limekauka. Asubuhi kabla ya kutoka huelekeza kamera kwenye ukuta wa studio, tulioupaka chokaa, akaifundisha kwamba hii ndiyo nyeupe. Baada ya hapo haigusi tena mpaka jioni. Akiingia kanisani kwenye taa za manjano, haigusi. Akiingia chini ya turubai, haigusi. Nikimuuliza, anasema kamera iliyofundishwa vizuri asubuhi haisahau. Haisahau kweli, na hilo ndilo tatizo. Jicho la mtu likikaa chini ya turubai la bluu hujizoesha lenyewe, ukamwona jirani yako ni yule yule wa jana. Kamera haijizoeshi. Inaona bluu, inaandika bluu.

Siku hizi kuna jambo jingine. Tangu uwanja wa ndege wa Kavumu ufungwe, watu wetu walio mbali wanazika kwa simu. Marehemu huyu alikuwa na dada Kanada ambaye hakuweza kufika. Na kwetu, aliye mbali haombi kwanza nyimbo wala mahubiri. Anaomba sura ya mwisho. Alimpigia patron jioni ile ile ya maziko, akilia, akimsihi asimngojeshe mpaka kazi iishe, amwonyeshe tu kaka yake. Moyo wa patron ni mwepesi kama karatasi. Akakata kipande cha jeneza kutoka kwenye kamera, kibichi hivyo hivyo, akamtumia kabla mimi sijakigusa.

Mjane alikuja studio keshokutwa yake. Nilikuwa naunganisha harusi ya watu wa Kadutu, muziki uko juu, sikumsikia akiingia. Alikuwa amesimama mlangoni, kitenge cheusi kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, hataki kuchafua sakafu. Nilimtambua kwa sababu nilikuwa nimeanza kuangalia picha za maziko. Nikamwambia karibu, akabaki amesimama. Akaweka simu yake mezani kwangu na kuibonyeza.

Ilikuwa sauti ya yule dada wa Kanada, aliyoituma kwenye kundi la familia nzima.

"Muangalie midomo yake, iko bluu! Muangalie na vidole! Mutu wa tension hawezi kuwa bile. Ile ni sumu, mimi naapa mbele ya Mungu, ile ni sumu. Mumuulize ule bibi yake wa Bunyakiri alimupikia nini. Asiingie tena mu nyumba ya kaka yangu. Mumufungie mulango mbele matanga haiyaisha!"

Mjane akachukua simu yake, akaizima, akaiweka kifuani. Ndipo alipoketi.

Mume wake alikuwa dereva wa lori. Aliugua kichwa, akaanguka, akafia hospitali, na daktari akaandika kwamba ni shinikizo la damu, ile tunayoiita tension. Karatasi ipo. Lakini dada yake alisema karatasi hununuliwa, midomo hainunuliwi. Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, aliposikia ile sauti alikwenda nyumbani kwa mjane, akatoa watu sebuleni, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Mjane na watoto walikuwa wanalala kwa jirani. Jumamosi familia ingekaa kumaliza matanga, na hapo ingesemwa neno la mwisho: anarudishiwa ufunguo, au anarudi kwao Bunyakiri mikono mitupu na watoto wanabaki.

Na hiyo ndiyo ilikuwa nusu njema ya habari. Mtu akiitwa mchawi wa sumu katika mtaa, neno halikai ndani ya familia. Linatoka, linapita kisimani, linapita sokoni, na siku moja watu ambao hata hawakumjua marehemu wanakuja na mawe. Niliwahi kuona nyumba ya mwanamke wa namna hiyo ikivuliwa mabati mchana, watoto wakiangalia. Kwa hiyo niliogopa, na sioni aibu kusema.

"Maman," akaniita, ingawa ni mkubwa kwangu, "banasema wewe njo unajuaka mambo ya rangi. Nakuomba. Unirudishie rangi ya bwana yangu."

Nilimgeukia patron, ambaye ghafla alikuwa na waya wa kukunja kwenye kona. Nilimwambia mambo ambayo mfanyakazi hapaswi kumwambia patron wake mbele ya mteja. Alisema tu, akiwa bado ameinama, "Tia filtre ya mariage, inatokaka muzuri."

Hapo lazima nieleze aibu ya studio yetu. Kompyuta ya zamani ilikufa wakati wa mvua kubwa, na pamoja nayo ikafa programu niliyoizoea tangu nianze kazi. Patron alileta mpya kwenye flashi, ya bure, inayosifiwa na kila mtu. Maandishi yake ni ya Kiingereza, na mimi nilisoma Kifaransa. Nilikuwa nimejifunza kukata, kuunganisha na kutia muziki, basi. Kuhusu rangi nilijua kitu kimoja tu: zile filtre zilizokuja tayari, ambazo unaburuta na kuziangusha juu ya picha. Ya harusi hufanya kila mtu ang'ae kama aliyepakwa mafuta ya mawese. Wateja wanaipenda. Sikuwahi kulazimika kutafuta zaidi.

Basi nikaichukua ile ya harusi, nikaiangusha juu ya jeneza, kwa sababu sikuwa na nyingine. Bluu ikapungua, kweli. Lakini marehemu akawa na mashavu ya dhahabu na midomo yenye afya, shati lake likawa la waridi, na kina mama wa kanisa nyuma yake wakawa kama wamekunywa. Mjane akatikisa kichwa.

"Huyu haiko bwana yangu," akasema. "Huyu iko ka mutu anaenda kucheza."

Nilikuwa naifuta wakati mlango ulipofunguliwa bila hodi. Alikuwa shemeji mkubwa. Koti la mvua, mwamvuli unaotiririsha maji kwenye sakafu ambayo mjane alikuwa ameihurumia. Sijui nani alimwambia kwamba mke wa ndugu yake yuko kwetu, lakini Bukavu hii kila dirisha lina mdomo. Aliona kioo cha kompyuta kabla ya kutuona sisi. Aliona marehemu wa dhahabu.

"Aaah bon," akasema. "Kumbe munamupaka poda."

"Papa, hapana, tunasahihisha..."

"Munasahihisha nini? Mutu akisha kufa unamusahihisha nini?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mimi nataka ile ya kweli. Ile haijaguswa. Jumamosi mutaonyesha ile, mbele ya familia. Na mukiigusa, nitajua juu ya nini mumeigusa, na nani amewatuma."

Alitoa flashi mfukoni, akaniamuru nimnakilie kile kipande kibichi. Nilimpa, ni ndugu yake na ni haki yake. Lakini mikono yangu ilikuwa inawaka. Ile ya kweli! Picha iliyopigwa na kamera iliyodanganywa na ukuta wa chokaa ndiyo imekuwa kweli, na mimi nikiitoa uongo wake naitwa mtu wa kupaka poda. Wakati flashi inajaa, mjane alikuwa ameinamisha kichwa, na shemeji hakumsalimia. Aliondoka na mwamvuli wake na mlango ukabaki wazi.

Ndipo nilipouona mtego tuliokuwa ndani yake. Nikiiacha picha kama ilivyo, midomo ya bluu itamhukumu. Nikiirekebisha, marekebisho ndiyo yatamhukumu, tena vibaya zaidi, maana yatakuwa yanaficha. Nilimweleza mjane hivyo, bila kuzunguka. Alinisikiliza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mimi sikusema umufanye muzuri. Nilisema rangi yake."

Nilianza kutafuta upya. Umeme ulikuwa umekwenda. Tulikuwa tunakula batri, na kompyuta ilikuwa inanionyesha alama yake ya batri inavyopungua. Mtandao ulikuwa umelala tangu asubuhi, kwa hiyo hapakuwa na video ya mwalimu yeyote wa kuniongoza. Kule chini ya programu kuna mstari wa alama ndogo ambazo nilizoea kuzipita kama mtu anavyopita mlango wa jirani asiyemjua. Moja ina noti za muziki, hiyo niliijua. Nyingine ina roketi, ndipo unapotolea kazi iliyokwisha. Kando ya hizo kuna kiduara kilichogawanywa vipande kama chungwa. Nikakibonyeza.

Dirisha zima likageuka. Chini yakatokea magurudumu ya rangi yamepangwa, kila moja na kitone katikati, na upande wa kulia mchoro wa vumbi la rangi linalocheza kila picha inapobadilika. Nilishika gurudumu la kwanza nikalisogeza kidogo, na vivuli vyote vya Bagira vikawa vya kijani. Nikarudisha. Nikashika la pili, na anga ikawa ya zambarau. Mjane alisogeza kiti chake karibu na changu mpaka nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwenye kitenge chake.

Niligundua jambo moja kwenye ule mchoro wa vumbi. Kwenye picha za harusi ya Kadutu, zilizopigwa nje, vumbi lilikaa katikati na kuelekea upande wa wekundu, pale ngozi za watu zinapokaa. Kwenye picha za turubai, vumbi lote, la ngozi, la nguo, la mbao, lilikuwa limesukumwa upande mmoja kama watu wanaokimbia moto. Halikuwa limesukumwa la marehemu peke yake. Nilitia hilo moyoni.

Halafu nikaona pipeti. Alama ndogo sana, pembeni, mfano wa ile ya kutilia dawa ya macho. Ukiishika unaielekeza kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe unajua ni cheupe, unaiambia programu: hiki ni cheupe. Nayo inasahihisha picha nzima kwa kukiamini hicho. Ni kazi ile ile anayoifanya patron kila asubuhi na ukuta wake, isipokuwa hii unaifanya mahali penyewe. Nilimwangalia patron. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu.

"Cheupe ni kipi hapa?" nikauliza.

Mjane akaelekeza shuka iliyomfunika marehemu mpaka kifuani. Nikabonyeza. Picha ikaruka: bluu ikapotea, lakini sasa marehemu alikuwa wa machungwa, na jeneza la machungwa, na padri anaungua. Nikarudisha, nikabonyeza mahali pengine kwenye shuka, machungwa yale yale. Nilitukana, Mungu anisamehe, mbele ya mjane. Kifaa cha kwanza chenye akili nilichokipata ndani ya programu hii, nacho kinanifanyia mzaha.

Mjane alikuwa ameziba mdomo. "Ni mimi," akasema. "Niliisuuza na ile bleu."

Kila nyumba ya Bagira ina bleu ya kufulia, ule unga unaoukoroga kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zizidi kuwa nyeupe. Shuka ile ilikuwa ya maziko, alitaka iwe safi kuliko zote, akatia nyingi. Machoni ilikuwa nyeupe. Kumbe ilikuwa ya bluu yake yenyewe, juu ya bluu ya turubai, na pipeti ilivunja zote mbili kwa pamoja ikapitiliza. Tukajaribu fulari nyeupe walizojifunga kichwani kina mama wa kanisa, na zote zilikuwa zimesuuzwa vile vile, nyingine zaidi, nyingine kidogo, kila moja ikitoa marehemu wa rangi yake. Tukajaribu kanzu ya padri, lakini alisimama pembeni, nusu yake iko nje kwenye mwanga wa mvua. Alama ya batri ikawa nyekundu. Mji mzima ulikuwa umefua nguo zake kwa bleu na hapakuwa na kitu cheupe popote cha kumwokoa mtu.

"Kuko pamba," mjane akasema.

Sikuelewa.

Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo. Puani mwa marehemu. Walikuwa wamemtia pamba kule hospitali, kama wanavyofanya, na kipande kidogo kilionekana kwenye kila tundu. Mimi nilikuwa nimeangalia uso ule muda wote na sikuwa nimekiona, au sikutaka kukiona.

"Infirmière aliitosha mu paketi mbele yangu," akasema. "Ile hakuna mutu aliifula." Pamba iliyotolewa mpya na muuguzi, isiyowahi kuguswa na bleu.

Nikavuta picha karibu. Uso ukajaa kioo. Pamba ile ilikuwa ndogo hivi kwamba pipeti iliteleza kwenye mdomo mara ya kwanza, kisha shavuni. Sikupenda kumchoma marehemu hivyo mbele ya mke wake. Nilitaka kumwambia aangalie pembeni, lakini alikuwa ameinama kuliko mimi, amezuia pumzi. Nikabonyeza.

Hapakuwa na mng'ao wowote. Bluu iliondoka tu, kama mtu anapotoa nguo kwenye kamba. Chini yake palikuwa na mwanaume wa makamo, mweusi wa kahawia, amekauka kidogo kwenye mashavu, midomo imefifia kama inavyofifia midomo ya mtu asiye na damu inayotembea. Alikuwa amekufa. Hakuna ambaye angemwona akadhani amelala. Lakini shuka ilikuwa na bleu yake ya kufulia, ndogo, ya kawaida, turubai juu lilikuwa la bluu kwa sababu ni la bluu, na mbao za jeneza zilikuwa mbao.

"Njo yeye," mjane akasema. "Amekufa, lakini njo yeye."

Akalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Patron akatoka nje. Nilihifadhi kazi, na kompyuta ikazimika muda mfupi baadaye, na nilikaa pale gizani mchana, nikiwa nimechoka kama niliyebeba maji kutoka ziwani.

Jumamosi hakukuwa na mvua. Turubai lilikuwa bado limefungwa, kwa ajili ya jua sasa. Wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, mjane peke yake kwenye mkeka wake karibu na ukuta, na mlango wa nyumba yake umefungwa nyuma ya mgongo wake. Patron alikuwa ameleta kompyuta ndogo na televisheni ya studio, mimi nikaunganisha waya. Shemeji mkubwa aliweka simu mkononi, dada wa Kanada akiwa ndani yake, uso umejaa kioo, anasubiri.

"Tia ile ya kweli," akaniambia.

Nikatia ile mbichi. Marehemu akatokea, wa bluu. Niliwasikia watu wakivuta pumzi, na mwanamke mmoja mkekani akaanza kusema "Yesu, Yesu." Kwenye simu dada alikuwa anapiga kelele, "Munaona? Munaona sasa?" Watu watatu au wanne waligeuka kumwangalia mjane. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake.

Nilipanga kusema maneno ya adabu, nimeyarudia njia nzima kutoka Nyawera. Yote yalipotea. Niliiacha picha iendelee, ile mbichi, mpaka kamera ilipoinuka kutoka kwenye jeneza na kumwonyesha mtu aliyesimama upande wa kichwa, kofia mkononi. Nikaisimamisha pale.

"Papa, naomba munisamehe," nikasema. "Ule ni nani?"

"Ule ni mimi," akasema shemeji.

"Midomo yenu iko rangi gani?"

Midomo yake pale kwenye televisheni ilikuwa ya bluu kama ya ndugu yake. Kucha zilizoshika kofia zilikuwa za bluu. Padri pembeni nusu yake ya bluu, nusu mzima. Watoto wa marehemu, wa bluu.

"Na ninyi papa," nikasema kwa hasira, "nani aliwapikia?"

Nilijua nimepita mpaka. Msichana wa studio hamwambii mtu mzima hivyo, siku ya matanga, kwa watu. Nilisikia turubai likipigapiga juu yetu, na nikaona watu wakianza, mmoja baada ya mwingine, kuinua macho kuliangalia.

Sikungoja ruhusa. Nilibonyeza kile kitufe kinachowasha marekebisho. Bluu ikatoka kwa wote pamoja: kwa shemeji, kwa padri, kwa watoto. Nikarudisha picha nyuma taratibu mpaka kwenye jeneza bila kuzima kitu, na marehemu naye akawa vile alivyokuwa. Nikaeleza kwa maneno machache habari ya pamba, kwamba sikumchagulia rangi, pamba ndiyo iliyochagua, na kila aliyekuwa chini ya turubai amepewa dawa ile ile.

"Zima," shemeji akasema.

Nikazima. Tukawa wote wa bluu.

"Rudisha pale kwangu. Washa."

Nikawasha.

"Zima. Washa."

Aliniamuru hivyo mara nyingi. Hakuwa anamwangalia ndugu yake. Alikuwa anajiangalia mwenyewe, na bila kujua alikuwa amepeleka vidole midomoni. Kisha akageuza simu ili kamera yake itazame televisheni, akamsogezea dada yake mpaka karibu.

"Ile ilikuwa bâche," akamwambia, akionyesha turubai juu yetu. "Unasikia? Bâche. Hata mimi niko bile. Angalia."

Halafu dada akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwa tumeisikia kwake, "Unionyeshe tena kaka." Nikamrudisha marehemu, wa kahawia, na pamba yake puani. Dada akaanza kulia, na kilio hicho kilikuwa kingine kabisa. Alikuwa anamlilia kaka yake. Nadhani mpaka saa ile alikuwa hajapata nafasi ya kufanya hivyo.

Shemeji alimpa mtu mwingine simu. Akasimama, akatia mkono ndani ya koti, akavuka mikeka ya wanawake na kuuweka ufunguo mbele ya mjane. Hakusema samahani. Alisema, "Watoto walale kwabo leo." Mjane aliuangalia ufunguo kwa muda mrefu hata nikaogopa hatauchukua. Halafu aliuchukua, akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, fundo mara mbili, akainuka akaja mpaka kwangu, nikiwa nakunja waya.

Nilitegemea asante. Nilikuwa hata nimetayarisha jibu la unyenyekevu, la kusema ni kazi tu. Akainama sikioni mwangu.

"Ile ya bluu, ya sisi wote, usiifute," akasema. "Siku mutoto akiugua, batasema tena ni mimi."

Alikwenda kufungua mlango wake. Sijaifuta.